Ni Nani Aliyempiga Mwikali Kisigino

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na tatu. Watu wakisikia hivyo hucheka, wakidhani natafuta sifa, lakini kwa mtu aliyefundisha badminton miaka kumi na mmoja kati ya Thika na Ruiru, huo si umri mdogo. Magoti yangu yana umri wake yenyewe. Mguu wa kushoto una kovu refu nyuma. Daktari alisema nitatembea vizuri, nitapanda ngazi, hata nitacheza na watoto kidogo. Nilipomuuliza kuhusu kuruka na kusimama ghafla, alianza kupanga karatasi zake, nami nikaelewa.

Ninyi makocha wanne mnaobaki ukumbini mmeniomba niandike niliyojifunza. Nashuku mlitaka orodha ya mazoezi. Orodha mtaitoa kwenye simu, na nusu yake itakuwa uongo, kwa hiyo jaribuni kila zoezi kwa miguu yenu kabla ya kumpa mtu mwingine. Mimi nitaandika jinsi kazi ilivyokuwa. Na nitaandika habari za Wairimu, ambaye wawili wenu hamkuwahi kumwona, ila mmeambiwa ndiye aliyemvunja mwenzake mguu kwa raketi. Aliyeisambaza habari hiyo mnamjua. Ni mimi.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nikisoma takwimu na kubishana na kila mhadhiri. Rafiki yangu wa bweni alinileta ukumbini Thika. Sikuamini kwamba badminton ni mchezo wa kutoa jasho. Kwetu Ngoingwa ilikuwa kitu cha watoto siku ya Krismasi, raketi za plastiki na kamba ya nguo badala ya neti. Ukumbini nilimkuta mama wa miaka sitini na zaidi, nywele nyeupe zimefungwa kwa nyuma, viatu vya turubai. Kila mtu alimwita Auntie Hansa. Aliniuliza kama nakimbia. Nikamwambia nilikuwa nakimbia mita mia nane shuleni, na nilikuwa nashinda.

Alinifunga ishirini na moja kwa tatu, na sina hakika kama hizo tatu hakunipa. Yeye hakukimbia hata kidogo. Mimi nilienda kona zote nne za uwanja kama mtu anayefukuza kuku. Nikasema raketi yangu ina kasoro. Tukabadilishana, akanifunga kwa mbili. Nikasema upepo wa mlangoni unamsaidia. Mlango ukafungwa, akanifunga kwa nne. Katikati ya mchezo huo wa tatu kinyoya changu (ndivyo tulivyokiita kile kijimpira chenye manyoya ya bata) kilianguka ndani ya mstari, naye akasema kiko nje.

"Hiyo ilikuwa ndani," nikasema.

"Ilikuwa ndani," akakubali bila haya. "Nilitaka kujua kama unaangalia."

Kesho yake nilishuka ngazi za bweni kinyumenyume, nimeshika ukuta. Paja la kulia liliuma mahali ambapo sikujua pana nyama. Baada ya siku nne nilirudi. Nilijiambia narudi kuchunguza jinsi mama yule anavyoiba. Nilichunguza miaka mitano.

Ukitaka kujua mchezo huu unavyovuta watu, usiangalie smashi, lile pigo la kukishusha kinyoya kwa nguvu. Smashi ni ya picha. Angalia kinyoya kikipigwa kwa nguvu zote kisha kikasita hewani, kama kimesahau kilikokuwa kinaenda, na wewe una nafasi ya pumzi moja kuamua. Mpira wa miguu haufanyi hivyo, wala wa tenisi. Pumzi hiyo moja ndiyo tunayoirudia kila wiki. Gharama yake mwili ndio unaoilipa: hatua ndefu ya mguu wa kulia hadi goti linapiga kelele, kurudi katikati, kuruka nyuma kwa mguu wa kushoto, kurudi tena, mara thelathini kabla ya kupata pointi moja, ndani ya ukumbi uliofungwa madirisha ili upepo usiguse kinyoya. Jasho hudondoka sakafuni na sakafu huanza kuteleza. Nimeona askari jeshi akikaa chini baada ya dakika kumi na kuomba maji kwa ishara ya mkono.

Auntie Hansa ndiye aliyenifundisha kazi. Alinionyesha kwamba kinyoya hupaa kwa kasi zaidi huku kwetu juu kuliko pwani, kwa sababu hewa ni nyepesi, na kwamba kabla ya mechi ni lazima kipimwe: unasimama mstari wa nyuma, unakipiga kwa nguvu zote kutoka chini, na kinapaswa kutua karibu hatua moja kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Kikipita, unakunja ncha za manyoya kidogo kuelekea nje kipunguze mwendo. Wageni wakishindwa hushuku vinyoya. Wenyeji wakishindwa hushuku taa. Alinifundisha pia kufunga nyuzi za raketi kwa mashine yake ya chuma, na hapo akanipa onyo ambalo lililingana na tabia yangu kabisa.

"Usipokee raketi ya mtu kabla hujaikagua mbele yake," alisema. "Ikivunjika mwezi ujao atasema ni wewe."

Kwa hiyo nilinunua daftari. Kila raketi iliyokuja kwangu niliigeuza chini ya taa, nikaandika kila mkwaruzo na mahali ulipo, na mwenyewe akaweka sahihi. Wachezaji walilicheka daftari hilo. Mimi nililiona ndilo kitu pekee cha kweli ukumbini.

Auntie alipohamia Kisumu kwa binti yake aliniachia mashine na wachezaji wake. Nikaongeza siku mbili za Ruiru, katika ukumbi wa kanisa ambao Jumapili huwa na viti na siku nyingine huwa wetu. Nilikuwa kocha mzuri, nadhani, na nilikuwa na kasoro moja niliyoiona kuwa kipaji: sikuamini maumivu ya mtu. Nilikuwa na sababu. Msichana aliyeniambia goti limekufa Ijumaa nilimkuta Jumamosi kwenye harusi akicheza hadi chini. Kijana aliyeshika mgongo kila tulipofika kwenye mazoezi ya hatua aliuachilia kila tulipoanza mechi. Nikabuni kipimo. Mtu akisema anaumwa, nilimwangushia kinyoya ghafla karibu na miguu yake nikisema, "Nishikie hicho." Akiinama bila kufikiri, nilimrudisha uwanjani. Nilijivunia kipimo hicho. Msikitumie.

Wairimu na Mwikali walikuja kwangu mwaka mmoja. Wairimu ni wa Mwiki, mrefu, mwenye maneno mengi, mkono wake una smashi inayolia kama mlango uliobamizwa. Mwikali ni wa Gatuanyaga, baba yake anafuga mbuzi, na miguu yake ilikuwa imezoea vumbi na kilima tangu utotoni. Niliwaweka pamoja wacheze wawili wawili. Walikuwa wazuri tangu wiki ya kwanza na waligombana tangu wiki ya kwanza. Ugomvi ulikuwa mmoja tu, kuhusu kile kinyoya kinachopita juu ya kichwa cha aliye mbele na kuanguka kona ya nyuma kushoto. Mwikali, aliye mbele, alitaka kurudi akichukue mwenyewe. Wairimu, aliye nyuma, alisema ni chake.

"Wewe kaa mbele, ni kazi yako," Wairimu alikuwa akimwambia.

"Na wewe utafika saa ngapi, ukimaliza kuongea?"

Walikuwa wakibebeana mikoba na kugawana chapati, lakini hilo wageni hawakuliona. Waliona ugomvi. Mimi niliyeona yote mawili, baadaye nilikumbuka moja.

Mwaka huo shule moja ya binafsi huko Ruiru ilitaka mtu wa kuwafundisha watoto badminton kwa mkataba, na mwalimu mkuu akaniuliza nani anafaa. Nikamtaja Wairimu. Alikuwa amesubiri kazi tangu amalize chuo, miaka mitatu, na alikuwa akimsaidia mama yake kushona sare za shule. Nilimwambia kazi ni yake mradi barua yangu ifike. Nilimwona akigeuka kuangalia ukutani ili nisione uso wake. Barua niliiandika wiki hiyo, nikaiweka kwenye mkoba, tayari kuipeleka baada ya mechi ya Jumamosi.

Katika wiki mbili za mwisho kabla ya mechi, Mwikali aliniambia kwamba akiamka asubuhi, nyuma ya mguu wa kushoto hukaza kama kamba ya kufungia ng'ombe, na hulegea akishatembea. Nilimwangushia kinyoya. Akainama. Nikamrudisha uwanjani.

Jumamosi wageni walikuja na mchezo ukawa mkali. Tulifika seti ya tatu, kumi na nane kwa kumi na nane. Mimi nilikuwa nimeketi kando ya uwanja, hatua chache tu kutoka kwao. Mpinzani akainua kinyoya juu ya kichwa cha Mwikali kuelekea kona ya nyuma kushoto, kona ile ile. Mwikali akageuka kukifuata. Wairimu naye akakifuata, raketi imeshuka chini, tayari. Mwikali akasukuma kwa mguu wa kushoto aruke, na ukumbi mzima ukasikia mlio. Ulikuwa mlio mkavu, kama ubao uliokanyagwa. Mwikali akaanguka kwa magoti, akashika kisigino, kisha akageuka nyuma.

"Wairimu, mbona umenigonga?"

Wairimu alikuwa bado ameshika raketi, amesimama hatua mbili nyuma yake.

"Sijakuguza."

"Umenigonga na raketi!"

"Mwikali, aki sijakuguza."

Sote tulikuwa tumesikia. Mpinzani mmoja alisema ameona raketi ikitikisika. Hakuna aliyemuuliza raketi gani isiyotikisika.

Hospitalini walisema kano ya kisigino, ile kamba nene inayoshuka nyuma ya mguu, imekatika yote. Wakamuuliza imekuwaje, akasema amepigwa, wakaandika kwamba amepigwa. Karatasi hiyo ilirudi ukumbini na kupita mkono hadi mkono kama ushahidi, na mimi, mwenye shahada ya takwimu, sikuona kwamba ni maneno ya Mwikali mwenyewe yaliyokwenda hospitali na kurudi yakiwa na mhuri. Siku ya pili kisigino kilivimba, kikawa cheusi, na kila aliyekwenda kumwona alisema hiyo ndiyo alama ya raketi.

Jumatatu jioni kamati ya klabu iliniomba nikae na Wairimu, kwa kuwa mimi ndiye kocha. Tulikaa katika chumba cha kuwekea neti. Nilimwomba raketi yake, nikaigeuza chini ya taa kama nilivyozoea. Juu kabisa ya fremu palikuwa na mahali rangi imebanduka, ukubwa wa punje ya mchele.

"Na hii?" nikamuuliza.

"Hiyo ni ya zamani, kocha."

"Kila mtu huniambia ni ya zamani."

Akasema polepole kwamba yeye na Mwikali hugombana kama dada, na kwamba kama angetaka kumuumiza angefanya hivyo kwa mdomo, ambao kila mtu anajua ni mkali. Akaniuliza kama ninamwamini. Nilimwambia kwamba kazi yangu si kuamini. Nakumbuka nilivyolitamka hilo, kama mtu aliyelitunga kwa ajili ya siku hiyo. Nikaiambia kamati niliyoyaona na niliyoyasikia. Wakamtoa klabuni, na onyo kuhusu yeye likabandikwa mlangoni mwa ukumbi. Mwalimu mkuu wa shule ya Ruiru aliponipigia kuulizia barua, nilimwambia siwezi kumpendekeza kwa watoto mtu aliyempiga mwenzake. Barua ilibaki kwenye mkoba hadi ikachakaa.

Ilikuwa rahisi, na urahisi ndio ulipaswa kunishtua. Kama Wairimu amepiga, basi kamba ya ng'ombe iliyokuwa ikikaza asubuhi haikuwa na maana yoyote, na aliyeambiwa habari zake hakuwa na kosa.

Mwaka ukapita. Mwikali akapona nusu. Alirudi kucheza mbele tu, bila kurukaruka, na Wairimu hatukumtaja ila kwa kuwaonya wapya. Asubuhi moja nilifika Ruiru mapema kabla ya wanafunzi. Nilitoa viti katikati nikavipanga kwa rundo ukutani, nikafunga mlango kwa komeo kwa ndani ili upepo usiusukume, nikaanza kupasha misuli kwa hatua za kona bila kinyoya, raketi mkononi. Kwa miezi kadhaa kisigino changu kilikuwa kikikaza asubuhi. Nilijiambia ni uvivu. Nilikuwa mtu wa haki, kipimo changu nilijipa hata mimi.

Nilienda kona ya nyuma kushoto, nikasukuma niruke, na mtu akanipiga teke nyuma ya kisigino kwa nguvu zake zote. Nilisikia mlio kabla ya maumivu. Nilianguka, nikageuka, raketi nimeinua nimrudishie.

Hakukuwa na mtu. Mlango ulikuwa na komeo lake. Na kwa sababu mimi ni mimi, nilitambaa hadi kwenye lile rundo la viti nikaangalia nyuma yake.

Nilikaa pale sakafuni kwa muda. Nilijua kano imekatika, maana mguu ulikuwa unaning'inia kama wa mtu mwingine, lakini si hilo lililonifanya nishindwe kupiga simu. Mwili wangu wote ulikuwa unaapa kwamba nimepigwa. Ungeniuliza mahakamani ningesema ndiyo. Mwikali hakusema uongo. Wairimu naye hakusema uongo.

Hospitalini daktari kijana alinilaza kifudifudi, akabana shavu la mguu wa kulia na unyayo ukacheza. Akabana la kushoto na unyayo ukabaki umekufa. Akauliza kama nimepigwa. Nilimwambia nilikuwa peke yangu ukumbini na mlango umefungwa, na nikamwomba aandike hivyo hivyo. Alisema wengi huja na jina la mtu wanayedai amewapiga.

Nikiwa bado na plasta mguuni baada ya upasuaji nilimpigia simu Auntie Hansa Kisumu. Nilimweleza yote. Alisikiliza, kisha akacheka kwa sauti ya chini.

"Yangu ilikatika nikiwa na miaka arobaini," akasema. "Nilimzaba mume wangu kofi. Maskini, alikuwa upande wa pili wa neti."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniambia umemfukuza msichana aliyempiga mwenzake na raketi. Ulisema umeona. Wewe Nyambura huniuliza tu mambo ambayo unadhani nakudanganya. Hilo hukuuliza."

Baada ya simu nilimtuma mmoja wenu aniletee daftari la raketi kutoka kabati la ukumbini. Nadhani mlifikiri nataka kujiliwaza. Nilifungua ukurasa wa Wairimu. Wiki tatu kabla ya ile mechi alikuwa ameleta raketi yake kufungwa nyuzi, na mimi kwa mwandiko wangu nilikuwa nimeandika: rangi imebanduka juu ya fremu, katikati, punje ya mchele. Chini yake ilikuwa sahihi yake. Siku ile nilipomhukumu daftari lilikuwa kabatini, hatua tatu kutoka tulipoketi. Na hata bila daftari nilipaswa kujua. Mfungaji nyuzi yeyote anajua kwamba rangi ya pale juu hubanduliwa na sakafu, mchezaji akiokota vinyoya vya chini.

Mwikali ndiye niliyemwambia kwanza. Alikuja Ngoingwa kuniona na maziwa ya mbuzi kwenye chupa ya soda. Nilimweleza kuhusu komeo na rundo la viti. Alikataa. Alisema anajua alichohisi mguuni mwake na hakuna mtu atakayemwambia tofauti. Nikamwambia nami nilihisi hicho hicho, nikaangalia nyuma ya viti. Aliiangalia plasta yangu.

"Kwa hivyo hakuna mtu," alisema mwishowe.

"Hakuna."

"Nilimwombea mabaya mwaka mzima. Kanisani, kocha. Nimepiga magoti nikamwombea mabaya."

Niliongeza langu: kwamba alikuwa ameniambia mguu unakaza, na nikamwangushia kinyoya. Alisema anakumbuka.

Kwa mwalimu mkuu wa Ruiru nilikwenda kwa magongo. Alinipokea vizuri, akanipa chai, akasikiliza. Nafasi ilikuwa imeshachukuliwa na kijana mwingine, ambaye hana kosa lolote na watoto wanampenda. Nilimwachia barua mpya. Alisema ataiweka.

Kisha nikaenda Mwiki. Duka la mama yake Wairimu liko chini ya jengo la ghorofa nne, kati ya kinyozi na muuza gesi, na sweta za shule zimetundikwa hadi nje. Mama yake alinijua. Hakunisalimu kwa jina. Alisema tu, "Karibu," akaingia nyuma. Wairimu alikuwa kwenye cherehani. Aliona magongo, akasukuma kiti kwa mguu nikakaa, na nilijua kiti kilikuwa cha magongo, si changu. Hakuacha kushona.

Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio, kama nilivyowaandikia ninyi hapa. Nilimpa daftari. Hapo aliacha cherehani, akasoma ukurasa, akagusa sahihi yake kwa kidole.

"Hii ilikuwa wapi siku ile?"

"Kabatini. Hatua tatu."

"Nilikuambia ni ya zamani."

"Uliniambia."

Nilimwambia nimeshaongea na Mwikali na mwalimu mkuu, na kwamba kamati inataka arudi, na kwamba nafasi yangu ya ukocha iko wazi na nimemtaja yeye, na kwamba makocha wameniomba niandike niliyojifunza na nitaandika haya. Nilisema samahani. Nilikuwa nimeitayarisha samahani hiyo njia nzima na ilitoka ikiwa fupi kuliko nilivyopanga. Aliuliza mguu unaendeleaje. Nikamwambia. Aliuliza mlio ulikuwaje, nikamwambia ulikuwa ule ule. Alirudia kushona mshono mmoja, akakata uzi kwa meno, kisha akaniangalia moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Ulipogeuka pale Ruiru, na raketi umeinua," alisema, "ulikuwa unamtafuta nani?"

Ningeweza kumwambia sikumtafuta mtu. Hakukuwa na shahidi. Nilifikiria hilo, sitawaficha, kwa urefu wa pumzi moja.

"Wewe," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa na jibu tayari akisubiri kuona kama nitalitoa. Hakukasirika. Nadhani ningependa akasirike.

"Sasa kocha, usiandike habari za daftari peke yake," alisema. "Watu watasoma daftari waseme ulisahau tu. Mtu husahau. Andika na hiyo. Ukishaandika nitaisoma, halafu nitajua kama nitarudi."

Nakala ya kwanza ya karatasi hizi ninampelekea yeye kesho. Zenu zitafuata, na moja itabandikwa mlangoni mwa ukumbi, palipokuwa na lile onyo kuhusu yeye. Kwa hiyo nimeandika: mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, nilikuwa peke yangu, Wairimu alikuwa Mwiki akishona sweta za watoto, hakuwa amekanyaga ukumbi wetu mwaka mzima, na kano yangu ilipokatika niligeuka nikamtafuta yeye.